Barua ya Wazi kuhusu Chanjo ya VVU: Tumekwisha Kutoa Mikono, Sasa Tutoe Fedha

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Waziri wa Fedha, Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania, na Waheshimiwa Wabunge mnaopitisha bajeti za sekta hizo.

Waheshimiwa,

Mimi ni muuguzi mstaafu. Katika miaka yangu ya kazi jijini Dar es Salaam nilitoa ushauri nasaha kwa watu waliokuja kupima VVU, na kwa kipindi kisicho kifupi nilikuwa miongoni mwa waliowapokea vijana waliojitolea kuchanjwa chanjo za majaribio dhidi ya virusi hivyo. Anayejitolea kwa jambo hilo ni lazima awe mzima. Alikuja akiwa hana VVU, akapimwa presha, ini na figo, akasomewa fomu ya ridhaa ukurasa kwa ukurasa, akaulizwa maswali ili ijulikane kama ameelewa kweli au anaitikia tu kwa adabu, kisha akanyoosha mkono wake. Hakuwa na cha kupata zaidi ya nauli na fidia ndogo ya muda wake, na wengi niliowauliza kwa nini wanafanya hivyo walinitajia marehemu: dada, baba mdogo, mwalimu wao wa darasa la tatu.

Mmoja wa watu hao alinipigia simu si zamani. Alikuwa amepata kazi ya udereva katika nchi mojawapo ya Ghuba, mkataba umesainiwa, na kilichobaki kilikuwa cheti cha afya tu. Zahanati aliyopelekwa na wakala ilimpima kwa kipimo cha haraka, majibu yakasoma kwamba ana VVU, na wakala akamrudishia pasipoti yake siku ileile. Hakuwa na VVU. Alikuwa na kingamwili ambazo chanjo ya majaribio ilizifundisha kutokea mwilini mwake miaka kadhaa kabla, na kipimo cha haraka hakitafuti kirusi, kinatafuta kingamwili hizo. Aliwahi kupewa barua ya kueleza jambo hilo, lakini iliozea kwenye kabati mafuriko yalipoingia chumbani kwake. Mpaka tulipompata mtu wa kumfanyia kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, kazi ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine, na mkewe alikuwa amekwenda kwa wazazi wake.

Nimeanza na kisa hiki, ingawa ninachowaandikia ni kikubwa kuliko mtu mmoja, kwa sababu kinaonyesha mahali tuliposimama kama nchi katika safari ya kutafuta chanjo ya VVU. Tumetoa miili. Maamuzi, fedha na kumbukumbu vimekuwa vya wengine, na wengine hao wanapoondoka, kama walivyoanza kuondoka mwaka 2025, tunabaki na watu wetu na barua zilizooza.

Mtaniwia radhi nikirudi nyuma kidogo. Aprili 1984, Margaret Heckler, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Marekani, aliwaambia waandishi wa habari kwamba chanjo ingekuwa tayari kujaribiwa katika muda wa takriban miaka miwili. Wakati huo Kagera ilikuwa imeshawazika watu wake wa kwanza, wagonjwa watatu wa mwanzo wakiwa wameripotiwa mwaka 1983, na ugonjwa wenyewe mitaani ukiitwa Juliana. Miaka zaidi ya arobaini imepita tangu tamko lile. Wapo wanaolikumbuka wakasema kwamba chanjo hii ni ndoto, na kwamba kila shilingi iliyotumika ingenunua dawa. Nawaelewa, lakini hawako sahihi, na ningependa kueleza kwa nini kwa lugha niliyozoea kuwaelezea wale vijana waliokaa mbele yangu.

Chanjo nyingi tulizonazo zinamuiga mgonjwa aliyepona. Mtoto aliyeugua surua akapona haugui tena, kwa hiyo aliyetengeneza chanjo ya surua alikuwa na ramani: mwili unajua njia, kinachohitajika ni kuuonyesha njia hiyo bila kuuguza. Kwa VVU ramani hiyo haipo. Hatuna kundi la watu walioambukizwa, kinga yao ikamfukuza kirusi, wakabaki salama, ili tuwachunguze walivyofanya. Zaidi ya hapo, kirusi hiki kinaingia ndani ya seli za CD4, ambazo ndizo viranja wa ulinzi wa mwili, na katika siku chache kinajiandika ndani ya vinasaba vya seli hizo na kulala humo. Chanjo ya homa nyingine inaweza kumwacha mdudu aingie, kisha ikamshughulikia kabla hajaleta madhara. Chanjo ya VVU ni lazima imzuie mlangoni, karibu bila kukosea, kwa sababu akishalala ndani hatoki.

Na huko mlangoni haji uchi. Ganda lake limefunikwa na sukari, zile zile ambazo mwili wetu huzitengeneza, hivyo walinzi wanapomtazama wanaona kama ndugu. Sehemu ndogo zisizofunikwa hubadilika kila anapozaliana, kwa kuwa anakosea mara kwa mara anapojinakili na makosa yake ndiyo yanayomwokoa. Wanasayansi wamekadiria kwamba aina za kirusi zilizomo ndani ya mwili wa mtu mmoja aliyeishi na VVU kwa miaka kadhaa zinaweza kulingana kwa wingi na aina za virusi vya mafua zinazozunguka dunia nzima katika mwaka mmoja. Hapo bado hatujatoka nje ya mtu mmoja. Huko Mbeya, ambako takriban wahudumu wa baa 600 wa kando ya barabara kuu walifuatiliwa na watafiti tangu mwaka 2000, zilikutwa aina A, C na D, na zikakutwa pia aina mseto, kirusi kimoja kilichoshonwa kwa vipande vya aina mbili au tatu. Wanawake hao, ambao jamii iliwaita majina tusiyoyaandika kwenye barua ya heshima, ndio waliotufundisha kwamba chanjo iliyokatwa kwa kipimo cha nchi nyingine huenda isitutoshe sisi.

Sitaki kupita haraka juu ya mchango wa ukanda huu, kwa sababu nimegundua hata wabunge wengi hawaujui. Jaribio la kwanza la chanjo ya VVU barani Afrika lilifanyika Uganda mwaka 1999, kwa watu 40 wa kujitolea. Nairobi ilifuata mwaka 2001, kwa chanjo iliyobuniwa pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford baada ya wanasayansi kuwachunguza wanawake wa Majengo, Pumwani, ambao baadhi yao walikaa miaka katika biashara ya ngono bila kuambukizwa. Chanjo ile haikuamsha kinga ya kutosha na ikaachwa. Hapa kwetu, mwaka 2007, Muhimbili ilianza jaribio la HIVIS kwa kushirikiana na Sweden na Marekani, kwa watu 60 wakiwemo askari polisi, na likafuatiwa na TaMoVac lililounganisha Dar es Salaam, Mbeya na Msumbiji. Kinga ya seli iliamka kwa karibu kila aliyechanjwa. Haya yalikuwa majaribio madogo ya kuangalia usalama na uwezo wa kuamsha kinga, hayakukusudiwa kuonyesha kama chanjo inazuia maambukizi, na mara nyingi nililazimika kulirudia jambo hili kwa vijana waliodhani wameshakuwa salama.

Swali la kuzuia maambukizi liliulizwa kwa ukubwa kwingineko kwanza. Mwaka 2007 jaribio moja kubwa la chanjo ya kampuni ya Merck lilisimamishwa, na baadaye ikaonekana kwamba baadhi ya wanaume waliochanjwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa kuliko wenzao, jambo lililowatia hofu watafiti kwa miaka mingi. Mwaka 2009 Thailand ilitoa majibu ya jaribio la watu zaidi ya 16,000: chanjo mbili zilizotolewa kwa mfuatano zilipunguza maambukizi kwa asilimia 31. Ni kidogo mno kwa matumizi, lakini ilikuwa mara ya kwanza, na hadi leo ni mara pekee, ambapo chanjo ya VVU ilionyesha kinga yoyote kwa binadamu katika jaribio la ukubwa huo. Afrika Kusini ikachukua wazo hilo, ikalirekebisha kwa ajili ya aina C, ikawaandikisha watu zaidi ya 5,400, na Februari 2020 jaribio hilo likasimamishwa kwa sababu waliochanjwa na wasiochanjwa waliambukizwa kwa kiwango kilekile. Agosti 2021 likaja jibu la Imbokodo, jaribio la wanawake takriban 2,600 wa nchi tano za kusini mwa Afrika: kinga ya asilimia 25, ambayo kwa hesabu za takwimu haikutofautiana na bahati. Januari 2023 jaribio dada lake, Mosaico, likafungwa.

Kisha zamu yetu. PrEPVacc lilikuwa jaribio lililoongozwa na Waafrika wenyewe, likiwa na vituo Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban, na watu 1,512 wa kujitolea. Ndani yake ilikuwemo chanjo ya jamii ya MVA, inayobeba vipande vya VVU ndani ya kirusi kingine kilichodhoofishwa, jamii ileile iliyopita Muhimbili mwaka 2007. Mwishoni mwa 2023 kamati huru ya kuangalia takwimu ilishauri uchanjaji usimame kwa kuwa hakukuwa na matumaini kwamba chanjo hizo zingezuia maambukizi. Lilikuwa jaribio la mwisho la ufanisi wa chanjo ya VVU lililokuwa likiendelea duniani, na lilipofungwa, kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi, hapakuwa na jingine.

Wako waliopokea habari ile kama kufeli kwa watafiti wetu. Mimi naiona tofauti. Kuwaandikisha watu 1,512 wenye hatari ya kuambukizwa, kuwafuatilia kwa miaka wakihama mitaa na kubadilisha simu, kutunza sampuli zao bila kukatiza ubaridi, kisha kupata jibu lisilo na utata, ni kazi ambayo nchi nyingi tajiri haziwezi kuifanya kwa urahisi. Jibu lilikuwa hapana. Lakini lilikuwa jibu.

Na sayansi haikusimama hapo. Inajulikana kwamba watu wachache wanaoishi na VVU, baada ya miaka, hutengeneza kingamwili za aina ya pekee, zinazotambua sehemu za kirusi ambazo hazibadiliki hovyo, hivyo kuweza kuzima aina nyingi kwa pamoja. Kwao wenyewe zinakuja kwa kuchelewa, kwa kuwa kirusi tayari kimeshajificha, lakini zingekuwepo kabla ya maambukizi zingeweza kuwa ngao. Jaribio lililowahusisha wanawake zaidi ya 1,900 wa Afrika, wakiwemo wa Tanzania na Kenya, liliwawekea baadhi yao kingamwili moja ya aina hiyo kwa dripu kila wiki nane. Majibu ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kwa ujumla haikupunguza maambukizi, ila dhidi ya virusi vilivyo dhaifu mbele ya kingamwili hiyo ilikinga kwa takriban asilimia 75. Tatizo ni kwamba virusi dhaifu vya namna hiyo ni sehemu ndogo tu ya vilivyopo mitaani. Kwa mwenye kusikiliza, hapo pana habari mbili: ngao ya namna hiyo inawezekana, na moja peke yake haitoshi.

Kazi iliyofuata ni kuufundisha mwili uzitengeneze wenyewe, na hapa njia imebadilika. Zamani tuliupa mwili kipande cha kirusi tukatarajia uelewe. Sasa watafiti wanazitafuta zile seli chache sana za mwanzo zenye kipaji cha kukua na kutengeneza kingamwili hizo, wanaziamsha kwa chanjo ya kwanza iliyobuniwa kwa ajili yao tu, kisha wanakusudia kuzipandisha hatua kwa hatua kwa chanjo tofautitofauti. Niliwahi kumfafanulia hivi mama mmoja wa Temeke: humpi mtoto msahafu siku ya kwanza ya chuo, unampa alifu, kisha irabu, kisha juzuu, na kila hatua ina mwalimu wake. Jaribio la kwanza la alifu hiyo, lililofanyika Marekani, liliamsha seli zilizokusudiwa kwa watu 35 kati ya 36 waliochanjwa. Mashaka yaliyobaki yalikuwa kama miili ya Waafrika ingeitikia vivyo hivyo, na jibu lilitoka Kigali na Johannesburg, ambako watu 18 walichanjwa kwa teknolojia ya mRNA, inayoupa mwili maelekezo ya kujitengenezea kipande kinachoamsha kinga: idadi kubwa mno, asilimia 94, iliitikia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2025. Hayakukosa dosari, kwani baadhi ya waliochanjwa katika jaribio sambamba la Marekani walipata mabaka ya kuwasha kwenye ngozi, na hilo halijatatuliwa. Pia kati ya alifu na juzuu pana safari ndefu. Ila kwa mara ya kwanza tunajua kwamba mwanafunzi anasikia.

Katika mwaka huohuo ndipo fedha zilipokauka. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje. Muungano wa watafiti wa nchi nane za Afrika ulioitwa BRILLIANT, ulioongozwa kutoka Afrika Kusini kwa ruzuku ya dola milioni 45 na uliokuwa karibu kuanza jaribio lake la kwanza, ulisimamishwa. Mwezi Mei, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zikatangaza kwamba hazitaendelea kuifadhili miungano miwili mikubwa ya utafiti wa chanjo ya VVU, iliyopo Chuo Kikuu cha Duke na Taasisi ya Scripps. Agosti, serikali hiyohiyo ikafuta miradi 22 ya chanjo za mRNA. Huo ni uamuzi wa nchi yenye fedha zake na sina la kuilaumu. Mwenye kuazima shuka hapaswi kushangaa mwenyewe akilihitaji. Swali langu ni kwenu: sisi tulikuwa na shuka gani?

Najua jibu nitakalopewa, kwa kuwa nimelisikia kwenye vikao. Nitaambiwa kwamba watu takriban milioni 1.5 nchini wanaoishi na VVU wanahitaji dawa za kufubaza virusi kila siku, na kwamba pengo la dawa na vipimo lazima lizibwe kwanza. Ni kweli, na mtu yeyote atakayependekeza kuchukua kopo la dawa la mgonjwa ili kununua friji la maabara nitampinga mimi mwenyewe. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikadiria kwamba watu wazima wapatao 60,000 huambukizwa kila mwaka, na kila mmoja wao ataingia kwenye orodha ya dawa hadi mwisho wa maisha yake. Hazina ambayo haiweki chochote kwenye njia za kupunguza orodha hiyo inajipangia deni.

Nitaambiwa pia kwamba sasa kuna sindano ya kujikinga na VVU iitwayo lenakapaviri, inayochomwa mara mbili kwa mwaka, na kwamba chanjo haina maana tena. Nimeifurahia sindano hiyo kuliko wengi. Katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, kati ya wasichana na wanawake 2,134 walioipata hakuna hata mmoja aliyeambukizwa, na majibu hayo yalipotoka mwaka 2024 nilikumbuka wasichana wengi waliowahi kukaa mbele yangu wakilia. Kampuni zinazotengeneza nakala zake zimeahidi kuiuza kwa dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027, na mkiinunua mtakuwa mmefanya jambo la heshima. Hata hivyo ni dawa, si chanjo. Inalinda kwa muda inaokuwa mwilini. Anayekosa nauli ya kurudi baada ya miezi sita, anayehamia mgodini, binti anayeogopa kuonekana kwenye mstari wa kliniki, wote wanatoka nje ya kivuli chake. Kuna na jambo jingine ambalo halisemwi sana: ujio wa kinga bora namna hii unafanya majaribio ya chanjo yawe magumu na ya gharama zaidi, kwa sababu maadili yanatutaka tumpe kila anayejitolea kinga iliyo bora iliyopo, na maambukizi yakiwa machache itahitajika idadi kubwa zaidi ya watu ili kuona kama chanjo imefanya lolote. Kwa hiyo watakaokuwa na uwezo wa kuendelea ni wale watakaokuwa wametunza vituo vyao, wataalamu wao na imani ya jamii zao.

Kuhusu subira, nchi hii haina haja ya kufundishwa. Chanjo ya kwanza ya malaria ilianza kutengenezwa mwaka 1987, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza itumike kwa watoto mwaka 2021. Katikati ya miaka hiyo kuna watoto wa Bagamoyo na Korogwe na mama zao waliosimama foleni ya kutolewa damu bila kujua kama kuna siku mambo yatafika popote. Yalifika. Tofauti ni kwamba watu wazima wanaoishi na kimelea cha malaria angalau hupata kinga ya kiasi fulani dhidi yake, jambo tusilolipata kwa VVU.

Ninachoomba ni kidogo, na kinatokana na milango iliyokwisha kufunguliwa na ninyi wenyewe. Mnao Mfuko wa Udhibiti wa UKIMWI, uliowekwa kisheria mwaka 2015, na katika bajeti ya 2025/26 Serikali ilipendekeza tozo mpya ili kuziba nafasi ya wafadhili, sehemu kubwa ya makusanyo ikielekezwa kwenye mfuko huo. Tengeni ndani yake fungu la utafiti wa kinga, chanjo ikiwemo, lenye kasma yake inayoonekana kwenye kitabu cha bajeti, lisiloweza kuhamishiwa kwenye semina na posho. Fungu hilo halitatengeneza chanjo. Litalipa mishahara ya wataalamu wa maabara ambao tulitumia miaka kuwafundisha na ambao sasa wanatafuta kazi nje au wanauza dawa za mifugo. Litalipa umeme na naitrojeni ya kugandishia sampuli za damu zilizokusanywa kwa miaka mingi, ambazo zikiyeyuka mara moja hazirudi. Na litawapa watafiti wetu kiti mezani, kwa kuwa anayekuja na senti yake huulizwa maoni na anayekuja mikono mitupu huelekezwa. Wakuu wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Umoja wa Afrika ukalenga mwaka 2006 asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Siombi mtimize ahadi hizo zote kesho. Naomba kasma moja.

Kibali cha jaribio lolote jipya nacho kiwe na masharti yanayosomeka: majibu yafike kwa walioshiriki kwa Kiswahili kabla hawajayasoma mitandaoni, sampuli zisisafiri bila mkataba unaosema zitarudi lini na kwa nani, na chanjo ikifaulu ipatikane hapa kwa bei iliyokubaliwa mapema. Uwezo wa kusimamia haya tunao. Mwaka 2018 mamlaka yetu ya dawa, wakati huo ikiitwa TFDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia daraja la tatu la ukomavu wa udhibiti. Sifa hiyo isiishie kwenye cheti kilichotundikwa ukutani.

Nimalizie kwa wale walionyoosha mikono. Hakuna chanjo ya baadaye itakayojaribiwa nchini bila watu kukubali, na watu hukubali kwa kutazama yaliyompata jirani. Naomba iwepo daftari la taifa la siri la walioshiriki majaribio ya chanjo za VVU, linalotunzwa na Serikali na si mradi, kwa sababu mradi hufa na Serikali hubaki. Naomba kila aliyemo apewe kadi yenye namba isiyomtaja, ambayo zahanati yoyote, iwe ya umma au ya binafsi, ikiiona itajua kwamba kipimo cha haraka hakifai kwa mtu huyu na kwamba anatakiwa kupelekwa kwenye kipimo cha vinasaba bila malipo katika hospitali ya mkoa wake, asilazimike kusafiri hadi Dar es Salaam kwa nauli ya mkopo. Naomba mwongozo wa taifa wa upimaji uwe na aya inayolitaja jambo hili waziwazi, na wauguzi vijana wafundishwe, kwani niliyempigia katika ile zahanati ya wakala aliniambia kwa unyoofu kabisa kwamba hajawahi kusikia kitu kama hicho. Na naomba Wizara ya Mambo ya Nje ikubaliane na balozi za nchi zinazodai cheti cha VVU, zikiwemo za Ghuba ambako vijana wetu wengi wanakwenda kutafuta riziki, ili majibu ya kipimo cha vinasaba kutoka maabara yetu ya rufaa yakubalike.

Dereva niliyemtaja mwanzoni amepata kazi nyingine, ya kuendesha daladala, na mkewe amerudi. Nilimuuliza kama leo angeitwa tena kwa chanjo mpya angekwenda. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama safari hii watampa karatasi isiyoloa. Nilimwahidi kwamba nitawauliza ninyi.

Wenu katika utumishi,
Muuguzi mstaafu,
Dar es Salaam